Taa Isiyo na Tundu

3 Februari

Mdogo wangu Chapuchapu,

Habari za siku nyingi. Najua ukisoma "siku nyingi" utaguna, maana ni miaka sita kasoro miezi. Sisi huku wazima. Mama hajambo, anakula, anatembea hadi getini na kurudi, na bado anagombana na redio. Kusahau anasahau, lakini umri wake unaruhusu. Mimi nimenenepa. Mke wangu anasema siku hizi nikipanda ngazi kutundika bango, ngazi ndiyo inayolalamika.

Nakuandikia kwa jambo moja, na nimelizunguka wiki nzima kabla ya kushika kalamu.

Mwezi uliopita daktari wa meno mmoja aliniletea kazi. Mimi bado ni wa mabango ya taa, unajua, herufi za maduka na saluni. Huyu alitaka kifuniko cha taa cha tangi la samaki, la kuweka pale wagonjwa wanaposubiri ili wasisikilize sana mashine ya ndani. Nikakubali. Nikamtengenezea kama ninavyotengeneza kila kitu: bati la aluminiamu, tyubu nne, choki zake za kuwashia humo humo ndani, na silikoni kila pembe. Hata tundu la sindano hukuti. Kwa bango la barabarani hiyo ndiyo sifa ya fundi. Mvua inyeshe itakavyo, bango langu halinywi tone.

Daktari ni mtu wa vipimo. Kabla ya kuweka samaki alijaza maji, akatumbukiza kipimajoto, akawasha taa. Saa mbili asubuhi ilikuwa nyuzi ishirini na sita. Adhuhuri, ishirini na tisa. Anafunga kliniki, thelathini na mbili na ushee. Akaniita. Akaniuliza kwa upole, kwa ile sauti wanayokuulizia ni jino lipi, "Fundi, hili joto umelipa njia gani ya kutokea?"

Hilo sikuwahi kuliwaza. Bango liko nje, linapigwa na upepo pande zote, joto linakwenda zake. Kifuniko cha tangi kimelalia kioo. Ukiziba kila mahali, joto linashuka chini kwenye maji. Ile choki peke yake, lile dude zito linalowasha tyubu, ukiishika baada ya saa mbili inakubabua. Na maji yakishapata joto hayashiki hewa vizuri, samaki anakosa pumzi akiwa ndani ya maji. Yote haya nilielezwa na mtu wa meno.

Nikatoboa matundu. Nikazitoa choki nikaziweka kwenye kisanduku chake pembeni, nikanyanyua kifuniko vidole vitatu kutoka kwenye kioo. Joto likashuka, likatulia.

Nilipokuwa natoboa ndipo nikakumbuka samaki wa Mama waliokufa. Kwa hiyo nimegundua, mdogo wangu, kwamba siku ile huenda haikuwa wewe. Huenda ilikuwa taa. Naomba radhi kwa maneno niliyosema. Tulikuwa hatujui.

Ukipata nafasi njoo utusalimie. Mama atafurahi.

Kaka yako,
Fundi


19 Februari

Kaka,

Utaona sijaanza na shikamoo. Nilipoandika mara ya kwanza niliiweka, nikachana karatasi.

Hongera kwa kazi ya daktari. Nafurahi kwamba samaki wake hawakuwa wameingia bado.

"Huenda ilikuwa taa." "Tulikuwa hatujui." Nimeyasoma hayo asubuhi na jioni mpaka yakaanza kunichekesha. Ngoja nikukumbushe siku yenyewe, maana naona ya daktari unayakumbuka nyuzi kwa nyuzi.

Mama alilazwa Alhamisi kutolewa mtoto wa jicho. Wewe ulikuwa umeihangaikia ile taa ya tangi lake wiki tatu, ili akirudi na jicho jipya awaone samaki wake vizuri, hasa Mwenyekiti, yule mkubwa wa rangi ya chungwa aliyekuwa akiwasukuma wenzake kwenye chakula. Miaka miwili Mama alikuwa anamwona kama doa linalopita. Ijumaa alfajiri uliiwasha kwa mkono wako. Ukaniambia, "Usiizime mpaka Mama aione. Nataka aingie iwake." Halafu hospitali wakamchelewesha hadi Jumamosi. Taa ikaendelea kuwaka.

Jumamosi asubuhi niliwakuta samaki wote wako juu, midomo nje, wanapapia hewa. Nikakupigia simu ukiwa hospitali. Nikakwambia kifuniko ni cha moto. Ukasema, "Wewe nawe kwa woga! Badilisha maji kidogo, taa iache, tunatoka sasa hivi." Nikakinyanyua kifuniko, kikaniunguza hapa kwenye kifundo cha mkono, alama ninayo, urefu wa njiti ya kiberiti. Nikabadilisha maji. Nikakirudisha. Nikawasha.

Hiyo "sasa hivi" yako ikawa saa tisa alasiri. Mama bandeji imetolewa, amekushika mkono. Kitu cha kwanza alichokiona kwa lile jicho ni Mwenyekiti akielea ubavu. Ukatia mkono kwenye maji. Ukaona birika langu la chai limekaa pale mezani. Ukasema, "Chapuchapu, umewatilia maji ya birika, umewapikia samaki wa Mama!" Mama akaniangalia. Akasema nisiguse tena kitu chake chochote chenye uhai.

Hapa sasa ndipo nataka unijibu. Baada ya hapo ulikwenda kukitoa kifuniko. Ulikigusa, ukakiachia. Ukaenda jikoni ukachukua tambara, ukakibeba kwa tambara hadi uani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Uliniona, ukapita.

Halafu unaniambia umegundua mwezi uliopita?

Radhi yako siihitaji sana, Kaka. Nina kazi, nina chumba, nina watu wangu. Ninachotaka ni kimoja. Mwambie Mama. Kwa mdomo wako, yote, pamoja na tambara. Mpaka hapo usinitajie habari ya kuja kusalimia. Na usipige simu. Kwenye simu wewe huongea na mimi huitika, ndivyo tulivyozoea, na sitaki tena.

Mdogo wako


4 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea karakana, nimefunga mlango. Nimejibu mara tatu nikachana. Hii ni ya nne, na nikiiacha mezani hadi kesho nitaichana nayo, kwa hiyo naipeleka posta leo hii.

Ni kweli. Nilijua.

Uliponipigia asubuhi nilikuwa sijui. Nilidhani ni yale mambo yako ya kukimbiakimbia. Nilijua saa tisa na dakika chache, vidole vilipogusa bati. Lakini neno la birika lilikuwa limeshanitoka, na Mama alikuwa ameshalipokea. Wewe ulikuwa bado umesimama pale. Ningegeuka tu nikasema, "Jamani, ni taa." Badala yake nikaenda jikoni kutafuta tambara.

Umesema unataka yote, basi chukua na hii aibu. Wakati nakibeba kile kifuniko nilikuwa nawaza mabango yangu. Mtaa mzima ulikuwa unasema kazi ya Fundi haivuji. Mama alikuwa ameshawatangazia wodi nzima kwamba mwanawe amemtengenezea taa, hata wauguzi wakawa wananisalimia "mwenye taa". Nikajiambia, nitasema jioni. Jioni Mama akaniambia, "Pole, mwanangu, umehangaika na taa nzuri, kazi yako ikaharibiwa." Alinipa pole mimi. Na mimi nikaipokea, nikasema ahsante.

Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake. Wiki ya tatu ukafunga sanduku lako ukasema umepata kazi mbali. Nikakusindikiza stendi, nikakubebea mzigo, tukaongea habari za mvua. Basi lilipoondoka nilishukuru. Nikakaa kwenye benchi pale, nikashukuru kwamba yale macho yako hayatakuwa tena mezani asubuhi. Huyo ndiye kaka yako.

Lakini na wewe ulijua, na hukusema. Mbona hukusema? Ungenitukana pale stendi mbele za watu, ningelala vizuri miaka hii yote.

Nitamwambia Mama. Jumapili hii, baada ya chai, akiwa ametulia.

Kaka yako


17 Machi

Kaka,

Hii ni barua. Ile ya kwanza ilikuwa risala.

Umeuliza mbona sikusema. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Baba alipofariki wewe ndiye uliyenipeleka shule, uliyetia saini ripoti zangu, uliyenifundisha baiskeli ukikimbia nyuma yangu na ovaroli ya kazi, unahema. Nilisimama mlangoni nikingoja useme. Nikakupa siku ile. Nikakupa wiki. Halafu nikaona nikisema mimi nitakuwa nimekunyang'anya nafasi ya kusema mwenyewe. Ndivyo nilivyojieleza wakati ule. Leo sina hakika kama ulikuwa uungwana au ukaidi tu.

Na kuna langu. Niliungua, Kaka. Nilijua kwa ngozi yangu kwamba kile kifuniko kinaua, na bado nikakirudisha juu ya tangi kwa sababu wewe ulisema niache. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo pekee ambalo hakuna aliyenilaumu.

Sijawahi kuwaambia ninafanya kazi gani. Nilianza kwa kufua mashuka ya hospitali, nikasoma, sasa ni muuguzi kwenye chumba cha watoto njiti. Wanalala ndani ya vioo vya joto, wengine wanaenea kwenye viganja viwili tu. Kazi yangu kubwa ni kuangalia joto. Kila nusu saa napita na kalamu, naandika. Likizidi hata kidogo nazima kwanza, namfunika mtoto, ndipo naita mtu. Mkubwa akisema acha, nazima vilevile, tunagombana mashine ikiwa imeshazimwa. Wenzangu wananiita Bibi Swichi. Wananitania, lakini mama za wale watoto hunitafuta kwa jina hilohilo.

Kila nikipita na daftari langu naisikia sauti ya Mama, nisiguse kitu chenye uhai. Miaka sita. Nimeshagusa mamia, Kaka, na wengi wao sasa wanatembea. Nataka ajue hilo, na nataka ajue na la taa, angali yupo.

Alisemaje?

Mdogo wako


31 Machi

Mdogo wangu Bibi Swichi,

Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuchungulia. Nikamwambia nina mdogo wangu anazima mashine za hospitali wakubwa wakiwa wamesimama. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Najivunia wewe, na najua sina haki ya kujivunia.

Kuhusu lile jambo. Jumapili ya kwanza Mama alikuwa na mafua. Jumapili ya pili akaja jirani na fumbo lake la gazeti, unamfahamu yule mama, akikaa amekaa. Jumapili iliyopita nilianza. Nilimwambia nusu. Nilimwambia hizi taa za matangi zinatoa joto sana. Akasema, "Taa zote zinatoa joto." Nikaona amechoka, nikaacha. Ujue Mama siku hizi ana siku zake, si kila siku unaweza kumwingiza kwenye jambo zito.

Nitamalizia. Nipe wiki mbili hivi.

Huku tumepaka rangi sebule. Mke wangu alitaka ya krimu, mimi nikaleta ya manjano, sasa tunaishi ndani ya yai. Ukija utaona.

Kaka yako,
Fundi


9 Aprili

Kaka,

Nusu ipi? Kwamba taa inatoa joto anajua kila mtu aliyewahi kubadilisha balbu.

Halafu, ana siku zake zipi? Mwezi wa pili uliandika anasahau. Sasa ana siku zake. Kila ukimkaribia Mama kwenye barua unakimbilia kwenye rangi ya sebule. Mimi ni muuguzi, usinizungushe. Niambie Mama ana nini, na tangu lini.

Na umwambie. Usipomwambia, usiniandikie tena.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kwanza lile nililokuficha. Mama anapotea tangu mwaka juzi. Alianza kwa funguo, ikaja kwenye majina, ikaja kwenye mwaka. Hospitali wanasema ni maradhi ya ubongo na hayarudi nyuma. Alikuwa na samaki wawili, aliwanunua miaka minne iliyopita, hata sikuelewa kwa nini, na alikuwa hataki niwaguse. Mwaka jana ilibidi niwape jirani, maana alikuwa anawalisha mara saba kwa siku na kila mara anaona ndiyo ya kwanza. Mimi ananiita Fundi. Nilikuwa nadhani ni lile jina langu la siku zote, mpaka siku aliponiambia nimalize kazi niende, mwanawe anakaribia kurudi.

Sikukwambia kwa sababu ungekuja mbio, na ungekuja na jambo lako mkononi, na mimi nilikuwa sijawa tayari kulipokea. Ile barua yangu ya kwanza niliiandika kwa kuona muda unakwisha. Na bado nikaipunja.

Jumamosi asubuhi nilimkuta ametulia. Amekaa kwenye kiti cha dirishani, mke wangu amemsuka nywele. Nikavuta kigoda nikakaa karibu na miguu yake. Nikasema, "Mama, nina kosa nataka kukuambia."

Akasema, "Sema, mwanangu." Lakini siku hizi mwanangu ni kila mtu, hata mleta gesi.

Nikamwambia wale samaki hawakufa kwa birika la mtu. Waliuawa na taa, na taa niliitengeneza mimi, nikaiziba kila tundu. Nikamweleza choki na silikoni. Nikamweleza simu uliyopiga na nilivyokujibu. Nikamweleza tambara. Nililia, sikufichi. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ameuweka kichwani mwangu. Kisha akasema, "Pole sana, Fundi. Na mwenye samaki alisemaje?"

Nikajifuta machozi. Akauliza tena, "Mwenyewe alikasirika?"

"Alikasirika sana."

"Alikukasirikia wewe?"

"Hapana. Alimkasirikia binti yake. Alidhani ni yeye."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akautoa mkono wake kichwani mwangu. Taratibu tu, akauweka mapajani. Akatazama nje kidogo. Akasema, "Masikini yule mama. Huko aliko hajui. Sasa unakaa hapa unaniambia mimi? Nenda ukamwambie yeye, baba. Mwenzio anamkasirikia mwanawe bure."

Akainuka kabisa, akanitafutia kofia, akanipa, akanisindikiza hadi mlangoni.

Nilitoka. Nikasimama uani na kofia yangu mkononi, sijui robo saa, sijui zaidi. Niliporudi ndani alinikaribisha vizuri sana, akaniuliza nimekuja kutengeneza nini.

Kwa hiyo nimesema, na aliyetakiwa kuambiwa hakuambiwa. Mwaka juzi angesikia. Mwaka wa kabla yake angenitukana, angenirushia kikombe, angekupigia simu siku hiyohiyo. Nilikuwa na miaka mizima ya kumwambia na nikaitumia kupaka rangi kuta. Wewe nilikunyima mama, yeye nikamnyima binti, kwa sababu sikutaka watu waseme bati langu lina kasoro. Sikuombi unisamehe kwa barua hii.

Anakuulizia. Jina hakumbuki, lakini kila jioni anauliza kama yule mdogo ameshatoka shule. Namwambia yuko njiani.

Kaka yako


7 Mei

Shikamoo Kaka,

Barua yako niliisoma kazini, kwenye ngazi za nyuma. Mwenzangu alinishikia zamu saa nzima.

Nilikuwa nimejiandaa kukulaumu. Kalamu ya hilo ninayo, unaijua. Lakini kuna kitu na mimi nimekificha, na baada ya yale uliyoandika siwezi kuendelea kukikalia.

Mama aliniandikia. Ni miaka minne sasa, mwaka ule aliponunua wale samaki wawili. Anwani aliitoa kwenye bahasha ya kadi niliyokutumia ulipooa, akampa jirani apeleke posta ili wewe usijue. Mistari sita, ule mwandiko wake wa kulalia upande. Anasema nyumba iko kimya. Anasema amenunua samaki, wawili tu, wadogo, na wewe hujui kubadilisha maji, unamwaga nusu sakafuni. Anasema, "Njoo uwaangalie wewe. Yale ya zamani nimekusamehe."

Nilipofika kwenye nimekusamehe niliwaka. Anisamehe nini? Sikutaka kusamehewa kosa la mtu mwingine. Nilitaka nisafishwe. Nilitaka ukweli utangulie ufike nyumbani, mimi nifuate nyuma nimenyoosha shingo. Nikaikunja ile barua nikaitia sandukuni. Sikujibu, wala kwa mstari mmoja.

Alikuwa na akili zake zote, Kaka. Angenitambua toka getini. Angenigombeza kwa kukonda, angeniuliza naolewa lini, angenionyesha hao samaki mmoja mmoja. Ningemwambia mwenyewe habari ya taa, tumekaa, polepole, na wewe ukiingia ungekuta yamekwisha. Yeye alikuwa ameshaniruhusu kugusa kitu chenye uhai. Alinunua kabisa cha kugusa. Mimi nikakataa kwa sababu ruhusa haikuandikwa nilivyotaka. Unasema hukuelewa kwa nini aliwanunua na kwa nini hakutaka uwaguse. Walikuwa wangu. Walikaa miaka mitatu hapo wakiningoja.

Basi kwenye hii miaka sita, miwili umemnyima wewe, minne nimemnyima mimi. Nikisema wewe ndiye uliyeanza nitakuwa nasema kweli, na haitanisaidia.

Nimepewa ruhusa ya siku kumi na nne. Nafika Ijumaa na basi la asubuhi. Usije stendi, nitachukua mzigo wangu mwenyewe. Kaa na Mama. Usimwambie nani anakuja, asije akachoka kungoja na asikumbuke anangoja nini. Akikuuliza tena habari ya yule mwenye samaki, mwambie ulikwenda, ukamkuta, ukamweleza yote, na yule mama alisikia vizuri. Utakuwa ni uongo, lakini huo ninakuruhusu.

Akinikaribisha kama mgeni, usimsahihishe. Nitakaa atakaponionyesha. Miaka yote hii nilijiambia nitarudi nyumbani siku Mama atakaposema sikuwa na kosa. Sasa ameshasema, bila kujua amesema juu ya nani. Ijumaa nitabisha hodi, na ikibidi nitamwambia mimi ni nani kila atakaponiuliza.

Mdogo wako,
Chapuchapu